Mtu wa Kumi

Jioni yangu ya kwanza ya kufanya usafi katika kliniki ya meno ya Daktari, simu ya mezani iliita, na mzee mmoja mwenye koti jeupe akachomoka chumba cha ndani utadhani nyumba yake inaungua. Barakoa bado inaning'inia shingoni. Akachukua kofia ndogo ya duara kwenye msumari nyuma ya mlango, akaibandika utosini, akanionyesha kwa mkono kwamba nisizime taa, akatokomea. Baada ya dakika kama arobaini akarudi, akakaa na kuendelea kujaza mafaili yake kama mtu aliyetoka kununua mkate.

Nikajua kuna mgonjwa mahututi mahali fulani. Wiki ya pili ndipo nilipopata ujasiri wa kumuuliza dada wa mapokezi. Akacheka. "Hakuna mgonjwa. Walikuwa tisa."

Wayahudi wa madhehebu ya Daktari wana sala ambazo haziwezi kusomwa mpaka watimie wanaume kumi, kila mmoja awe amefikisha miaka 13. Kubwa miongoni mwa hizo ni Kadishi, anayoisoma aliyefiwa. Tisa hawatoshi hata wote wakiwa marabi. Wa kumi akitokea, hata kama ni mtu asiyejua aya mbili, shughuli inaanza. Nyumba ya Daktari na kliniki yake vyote vilikuwa Toco Hills, upande wa kaskazini mashariki wa Atlanta, umbali wa kutembea tu hadi sinagogi. Basi kila walipopungukiwa, aliyepigiwa simu ni yeye. Mkewe alikuwa akisema kwamba katika ndoa yao supu iliyopoa ni nyingi kuliko iliyonyweka.

Mimi niliingia Marekani mwaka 2008 kwa bahati nasibu ya green card, na nimezaliwa Maji ya Chai, Arumeru. Msomaji wa Tanzania akishasikia hapo ameshajua meno yangu yakoje. Sisi hatuhitaji kitambulisho, tukicheka tu konda wa daladala la Dar anasema, "Wewe wa Arusha." Maji yetu yanashuka kutoka Mlima Meru yakiwa yamelamba miamba ya volkano, yamejaa floridi, na mtoto anayeyanywa meno yake ya ukubwani huota na madoa ya kahawia. Wengine yanakuwa na vishimo kama ganda la embe lililopigwa mvua ya mawe. Msichana wa kwetu hujifunza kucheka na kiganja mdomoni kabla hajajifunza kusuka nywele.

Sasa jioni moja nilikuwa napiga deki huku naongea na mama kwenye simu. Mama akasema jambo kuhusu jogoo wa jirani, nikacheka, na kiganja kikapanda chenyewe. Kuinua macho, Daktari amesimama mlangoni.

Akaninyooshea kidole kuelekea kwenye kiti. Nikakataa. Akawasha taa ya kiti, akavaa glavu, akasubiri. Mtu anayesubiri hivyo, bila kusema, anakuchosha. Nikakaa, nikafumbua.

Nilishawahi kuona watu wakitazama meno yangu. Wengi hutazama mara moja, kisha macho yanahamia kwenye paji la uso wako. Yeye aliingiza kile kioo kidogo chenye mpini, akakizungusha polepole nyuma ya kila jino, gego baada ya gego, halafu akasema, na sauti yake ilikuwa ya furaha kabisa: "Unatoka karibu na Kilimanjaro?"

Alivuta karatasi akanichorea. Mwaka 1901 daktari wa meno kijana aitwaye Frederick McKay alifungua kazi Colorado Springs akakuta wenyeji wana madoa ya kahawia, na hakuna kitabu kilichoyaeleza. Alihangaika nayo miaka thelathini. Alichogundua mapema ni kwamba meno yale yenye madoa yalikuwa hayaozi ovyo. Mwaka 1931 mkemia H. V. Churchill akapima maji akaikuta floridi. Kutoka hapo ikaja ile hesabu ya kutafuta kiasi kinacholinda jino bila kulitia doa, na mwaka 1945 mji wa Grand Rapids, Michigan, ukawa wa kwanza kuiongeza kwenye maji ya bomba, takriban miligramu 1 kwa lita. Nikamwambia kwetu sheria ya zamani ya maji ya vijijini iliruhusu hadi miligramu 8. Akapiga mluzi. Nikamweleza kituo cha Ngurdoto, wanavyochuja floridi kwa mkaa wa mifupa ya ng'ombe, akataka nimchoree chujio lenyewe, mifupa inachomwaje, inabadilishwa baada ya muda gani. Deki haikuisha siku ile.

Wakati natoka alisema nikitaka atayafunika yale ya mbele bila malipo, lakini nisijibu siku hiyo. Mpaka leo sijajibu.

Mwaka uliofuata alinihamisha kutoka kwenye ndoo akanifundisha kuwa msaidizi wake kwenye kiti. Kushika kifaa cha kufyonza mate bila kumkaba mgonjwa, kuchanganya dawa ya kuziba, kumpa koleo kabla hajaliomba. Nilimwita Daktari, hivyohivyo kwa Kiswahili. Neno hilo alilijua, kwani miaka ya 1960 televisheni ya kwao ilikuwa na kipindi cha wanyama kilichobeba jina hilo. Nilimfundisha pia kuitikia shikamoo. Alipoelewa kwamba ni haki ya mkubwa kwa mdogo, akaanza kuidai kwa wafanyakazi wote, hata yule mtunza hesabu Mkorea.

Ijumaa tulifunga saa saba mchana, hata kama nje kuna foleni. Sabato huanza jua likizama, na jua la Desemba halimsubiri mtu. Lakini kabla ya kuvua glavu alipiga simu tatu, kwa watoto wake watatu, mmoja baada ya mwingine. Baba wa Kiyahudi huwawekea watoto mkono kichwani Ijumaa usiku na kuwabariki. Watoto wake walikuwa wameshaoa na kuolewa, mmoja yuko pwani ya magharibi, basi aliwabariki kwenye simu, kiganja kimoja kikiwa hewani juu ya meza ya vyombo, kana kwamba kichwa kipo pale. Siku ya kwanza nilidhani anatishia nzi.

Alhamisi haikuwa ya kliniki yake. Alhamisi alikwenda kutibu bure kwenye kliniki ya Ben Massell mjini, ambayo jumuiya ya Wayahudi wa Atlanta imekuwa ikiiendesha kwa madaktari wa kujitolea, na mizizi yake inafika mwaka 1911. Anayepokelewa ni mtu wa kipato cha chini, awe dini yoyote. Mwanzo alinichukua nimshikie vyombo. Kumbe bahati ilikuwa kwenye ulimi wangu, maana wakimbizi Wakongo walikuwa wamejaa Clarkston, mji mdogo hapo kando, wengi wakitokea kambi ya Nyarugusu kule Kasulu. Walipofika kwenye kiti na kusikia Kiswahili, hata cha Kimeru kama changu, mabega yalishuka. "Jino inauma, Mama," wanasema, na mimi sarufi naiacha mlangoni. Yeye walimwita Papa Munganga. Kwetu mtaani ukisema mganga mawazo yanakimbilia kwa wa kienyeji, ingawa mganga mkuu wa mkoa tunaye, basi kila walipomwita hivyo nilikuwa namwona Daktari na tunguri.

Kuna Alhamisi moja aliletwa kijana wa miaka kumi na tisa. Chonge za chini hazikuwapo, na moja ya juu imeota imepinda. Daktari mgeni, kijana naye, akaanza kumuuliza nani alimpiga, nani alimtesa. Mama yake aliyekaa pembeni haelewi Kiingereza lakini sauti aliielewa, akaanza kukunja kitenge chake. Nilijua nilichokuwa nakiona. Mtoto mchanga akipata homa na kuhara, ufizi ukavimba pale chonge inapojitayarisha, watu husema ana meno ya plastiki, wengine huita ya nailoni, na yupo mtu wa kuyatoa, kwa kisu au spoku ya baiskeli iliyonolewa. Anachokitoa ni mbegu ya jino. Watoto wamekufa kwa damu na pepopunda. Huyu alipona.

Nikamweleza Daktari. Alisikiliza, akavuta kile kistuli cha magurudumu akakaa mbele ya mama, si mbele ya kijana, akaniambia nimuulize mtoto alikuwa na umri gani homa ilipomshika, na alihara siku ngapi. Mama akajibu, miezi mitano, siku nne. "Mwambie alikuwa anajaribu kumwokoa," akasema. Mama akaacha kukunja kitenge. Baadaye, tukiwa tunaosha mikono, akamweleza yule kijana mwenzake jambo zima, na kumwonya kwamba akimfokea mama yule leo, mjukuu hataletwa.

Mwaka 2014 baba yangu alifariki. Nilikuwa na mimba ya miezi minane, ndege hainipokei, na kwetu walikuwa wanazika Jumamosi. Watanzania wa Atlanta walikuja, wakaleta mchele, wakaimba, wakasema Bwana ametoa na Bwana ametwaa. Nawashukuru. Siku ya pili akaja Daktari na mkewe, mikononi bakuli la mayai ya kuchemsha. Mayai! Kama kumi na mbili, hayajamenywa. Akatazama sebule yangu, akalikwepa sofa, akakaa kwenye kibao cha kufulia, magoti karibu na kidevu, mzee wa miaka 78. Na hakusema neno. Hakusema hata pole. Nikafikiri nimemkosea, labda kuna mgonjwa nilimwacha bila taarifa. Dakika kumi, ishirini. Mwishowe nikasema tu ili kuvunja ukimya, "Baba alikuwa anapenda kusonya." Akasema, "Alisonyaje?" Nikamwonyesha. Nikaongea saa mbili, sijawahi kuongea vile, habari za shamba la kahawa, za redio yake, za siku alipomkimbiza mchungaji. Baadaye mkewe alinieleza kwamba kwao mgeni wa msiba hafungui mazungumzo. Anasubiri aliyefiwa aseme kwanza. Na yai ni chakula cha kwanza cha mfiwa kwa sababu ni la duara, halina mwanzo wala mwisho.

Nimeruka jambo la mwaka 2012, na bila hilo simu ile ya jioni ingebaki kuwa kichekesho tu.

Oktoba mwaka huo aliniomba nimwendeshe hadi Chuo Kikuu cha Emory, kwa sababu macho yake ya usiku yalishachoka. Niliketi nyuma kabisa. Ukumbini kulikuwa na wazee wengi wa rika lake, wengine wameshikwa mikono na watoto wao. Jambo lenyewe ni kwamba kati ya 1948 na 1961 shule ya udaktari wa meno ya chuo hicho iliwafelisha au kuwarudisha darasa wanafunzi wake Wayahudi kwa kiwango cha asilimia 65. Fomu ya kujiunga ilikuwa na visanduku vya asili yako, Mzungu, Myahudi, au mwingineyo. Waliambiwa mikono yao haikuumbwa kwa kazi ile. Mmoja wao, Perry Brickman, alipata barua ya kuondolewa mwaka 1952, akaenda kusoma kwingine, akawa mpasuaji wa kinywa hapohapo Atlanta miaka mingi. Alipostaafu akakusanya takwimu, akawatafuta wenzake mmoja mmoja na kuwarekodi. Wengine hawakuwahi kuwaambia hata wake zao. Rais wa chuo, James Wagner, akasimama mbele yao na kuomba radhi.

Kurudi, Daktari alikuwa kimya mpaka tulipoingia Clairmont Road. Nikamuuliza kama naye alikuwamo. Akasema hapana, yeye wazee walimwonya, akapeleka maombi Memphis na kusoma kwa amani. Halafu akasema kulikuwa na kijana mmoja wa mtaani kwao, jina hakulitaja wala chuo hakukitaja, aliyerudishwa nyumbani. Siku moja kijana yule alipita dukani kwa baba yake, na Daktari, aliyekuwa mvulana bado, akajifanya anapanga masanduku.

"Nilimhesabu mzembe," akasema. "Wote tulimhesabu mzembe, hata mama yake. Halafu akarudi wa pili, na wa tatu. Sisi, watu wa kuhesabu kumi kila jioni, hatukuwahesabu wale."

Sikujua la kusema, nikanyamaza. Alipoteremka akaniuliza kesho tuna wagonjwa wangapi.

Ugonjwa wa kongosho ulimpata 2018. Aliyakuta mengi kabla ya huo. Alikuwa na miaka 22 Oktoba 1958 walipolipua kwa baruti hekalu la Wayahudi la Peachtree Street, ambalo rabi wake, Jacob Rothschild, alikuwa akitetea hadharani haki za Weusi. Kwa bahati ilikuwa alfajiri, hakuna aliyekuwamo. Alikuwa akilitaja tukio hilo kwa ufupi sana, kama mtu anavyotaja masika mabaya ya zamani. Kisha Jumamosi, 27 Oktoba 2018, mtu mwenye bunduki aliingia sinagogi la Pittsburgh na kuua watu kumi na mmoja. Wengi wao walikuwa wazee, wale wanaofika mapema kabla ya wengine, ili hesabu itimie.

Daktari hakugusa simu wala televisheni, Sabato. Alijua kwa kuona gari la polisi nje ya sinagogi lao. Jumatatu jioni akamwambia mwanawe ampeleke kusali. Mwanawe akasema baba, unatapika, na uko kwenye kiti cha magurudumu. Akapelekwa. Nilikuwa nimekwenda kuwapelekea dawa, nikasaidia kusukuma. Tulipofika hapakuwa na pa kupita, ukumbi umefurika hadi kwenye ngazi, Wakristo wamo, wana kilemba wamo, vijana ambao miaka haijawaona pale wamo. Akatazama umati ule wote. "Leo sihitajiki," akasema, na akacheka mpaka akakohoa.

Alifariki Jumapili alfajiri, 18 Novemba, akazikwa Jumatatu mchana. Kwetu Meru muda huo hata kamati ya mazishi haijapata mwenyekiti. Sanduku la mbao tupu, ndani sanda nyeupe kama ya mtu yeyote, maana kwao tajiri na maskini huvikwa sawa. Mwislamu wa Tengeru angeona yupo nyumbani. Waliofukia kaburi ni sisi wenyewe, na sepetu ya kwanza huchotwa kwa mgongo wa sepetu, kuonyesha kwamba kazi hii hakuna anayeiharakia. Ukimaliza usimkabidhi mwenzako mkononi. Unaichomeka kwenye udongo, achukue mwenyewe.

Wakakaa msiba siku saba, vioo vimefunikwa, wafiwa kwenye viti vifupi. Kila jioni sala ilisomwa palepale sebuleni. Mimi nilipeleka ndizi na machungwa mazima, kwani nimeshajifunza kwamba, kwa sheria zao za chakula, chungu changu hakiingii jikoni kwao.

Alhamisi ilikuwa Sikukuu ya Shukrani. Marekani nzima iko safarini au mezani. Mvua inanyesha. Saa ya sala ikafika, wanaume wakasimama wakielekea ukuta wa mashariki, na mwanawe mkubwa akaanza kuhesabu kwa macho. Nami nikahesabu. Nikapata kumi, nikashusha pumzi. Kisha nikaona nimejijumlisha mimi. Mjukuu wa kwanza, ambaye miaka 13 angeitimiza Machi, alikuwa amenyooka kama askari pembeni ya babu zake wadogo, kifua mbele, akingoja mtu akosee hesabu. Hakuna aliyekosea. Mmoja akatoka na simu barazani. Mjane akasema taratibu, bila kumwambia mtu yeyote, "Angekuwapo, tungempigia yeye."

Robo saa. Makochi, saa ya ukutani, mvua. Mtoto akaanza kulia bila sauti.

Mlango ukafunguliwa, akaingia jirani wa nyumba ya tatu, malapa miguuni, aproni kifuani, ananuka bata mzinga na vitunguu kutoka juu hadi chini. Akaazima kofia kwenye kikapu. Hakuna aliyemshukuru, hakuna aliyemtazama sana. Mwanawe mkubwa alishaanza: *Yitgadal veyitkadash*. Maneno ni ya Kiaramu, na kifo hakitajwi humo hata mara moja.

Walipogawa vitu vyake, mjane alinipa kile kioo kidogo chenye mpini. Nakiweka kwenye droo ya jikoni pamoja na vijiko. Binti yangu, yule wa mimba ya 2014, amekunywa maji ya Atlanta tangu kuzaliwa, meno yake meupe kama tui. Jumapili iliyopita nilimkalisha chini ya taa nikayapitia gego moja moja. Yana mashimo mawili. Katikati ya ukaguzi akaanza kuniuliza, mdomo wazi, maneno hayaeleweki, akioneshea kidole meno yangu. Nikamwambia atulie kwanza nimalize upande wa kushoto.